Kutulia si uoga: dhana potofu za barazani Amu

Dhana: Anayetulia ameogopa.

Hii ndiyo yenye mizizi mirefu, na ndiyo inayoniuma. Kijana akitukanwa gatini akajizuia, jioni ataambiwa hana damu. Na tunaoambiana hivyo ndio hao hao tunaosimuliwa msikitini hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: mwenye nguvu si anayeangusha watu kwa mieleka, ni anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira.

Tazameni ya bandari mpya ya hapa kwetu Amu, yaani Lamu. Mradi ulipozinduliwa mwaka 2012, wavuvi waliona maeneo yao ya kuvulia yakiwatoka. Hasira yao ilikuwa ya haki. Kesi ikafunguliwa mwaka huo huo, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, hapa hapa Lamu, ikafutwa, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wataniambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Huumiza, kwa anayengoja mikono mitupu. Hawa walikuwa kazini: kukusanya ushahidi, kuandika, kuhudhuria vikao. Jiwe moja lililorushwa lingewageuza kutoka wadai kuwa washtakiwa.

Dhana: Hasira ukiitoa yote, inaisha.

Haiishi. Mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani aliwapima watu waliokasirishwa, na akachapisha matokeo mwaka 2002: waliopiga gunia la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya tu. Kufoka ni mazoezi ya kufoka. Mwili uliopandwa na hasira unahitaji dakika kadhaa kushuka, na kuvuta pumzi polepole, ukiitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, husaidia moyo kupunguza mbio. Wazee wetu wanaomwambia mtu, "Keti kwanza, mwanangu," wanafuata mafundisho ya dini: aliyekasirika akiwa amesimama na aketi, na isipomtoka, alale.

Dhana: Kusambaza haraka ujumbe wa hatari ni kusaidia.

Si kila mara. Tangu watu wenye silaha waushambulie mji wa Mpeketoni Juni 2014, kaunti hii ya Lamu inajua hofu ni nini, na sauti isiyo na mwenyewe kwenye simu inaweza kufunga maduka na kumtia jirani asiye na hatia mashakani. Mpigie kwanza mtu aliyeko huko, au chifu.

Dhana: Dharura haina nafasi ya kufikiri.

Nahodha anayetua tanga haraka upepo wa kusi unapomjia kwa ghafla hafanyi pupa. Alikwisha kufikiri akiwa bado pwani, na mabaharia wake wanajua nani ashike kamba ipi. Kasi yake imetokana na maandalizi. Jikoni ni vivyo hivyo, na hapa nawaomba sana akina mama na mabinti wanaokaanga bajia jioni za Ramadhani: mafuta yakishika moto, mkono utakimbilia maji. Maji yakiingia kwenye mafuta yale hugeuka mvuke papo hapo na kuurusha moto juu, na juu kuna makuti. Amueni leo, jiko likiwa baridi: zima gesi ikiwa unaifikia, telezesha kifuniko juu ya karai kutokea upande, usilibebe, wala usilifunue mpaka lipoe kabisa.