Methadoni si unga wa serikali

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na baba wa mgonjwa, palepale dirishani ninapotolea methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini (unga), watu wamepanga foleni wanasikia: "Mmemtoa kwenye unga mkamtia kwenye unga wa serikali." Mzee, shikamoo, jibu lako hili hapa.

Hospitali ya Muhimbili hapa Dar es Salaam ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, zikafuata za Mwananyamala na Temeke, na maneno hayo bado yapo. Ni kweli methadoni ni opioidi, yaani ni ya jamii moja na heroini, inakaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo vinavyokaliwa na heroini. Sikatai. Tofauti iko kwenye muda. Unga hupanda haraka na kushuka haraka. Saa chache tu arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga, imeanza, mtu anarudi maskani kusaka kete nyingine. Methadoni ya kunywa hupanda polepole, na dozi moja humshika mtu siku nzima. Aliyefikia dozi yake hasinzii wala hatetemeki. Anakunywa mbele yangu, namsemesha kidogo nihakikishe amemeza, anakwenda zake kibaruani.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni "ataacha lini?" Kijana katulia miezi michache, kanenepa, basi ndugu wanaanza kumhesabia siku. Wengine wanamshawishi aruke dozi kimyakimya. Jamani, mwili ukikatishwa opioidi hupoteza ustahimilivu wake upesi. Akiteleza, akajidunga kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Ndiyo maana wanaotoka gerezani wako hatarini sana wiki za kwanza uraiani. Kwa hiyo unapomharakisha mwanao aache, unamsogeza huko.

Halafu kuna kifua kikuu. Mgonjwa aliyetulia kwa miligramu 80 anaanzishiwa dawa za TB, na baada ya siku kadhaa anakuja anapiga miayo, kamasi zinamtiririka, vinyweleo vimesimama, mboni zimetanuka. Nyumbani wanasema anaigiza aongezewe. Haigizi! Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB, inalisukuma ini livunje methadoni haraka, kwa hiyo ileile 80 haimtoshi tena. Tunapandisha. TB ikiisha tunashusha, na hapo ndipo pa kuwa macho zaidi, maana ini likirudi kwenye mwendo wake, dozi iliyokuwa inamtosha inaweza kumzidi.

Hatari zake nazijua. Methadoni hulimbikizana mwilini, ndiyo maana wiki mbili za mwanzo tunapanda taratibu hata mgonjwa akilalamika. Ukichanganya na valiamu (dawa ya usingizi na kutuliza) au pombe, unaweza kulala usiamke.

Sasa swali linaloninyima raha: nani apunguziwe, na lini? Sina kipimo cha damu cha kuniambia. Wapo walioshuka kidogokidogo kwa zaidi ya mwaka, wakamaliza salama. Wapo wenye kazi, ndoa, watoto, walioonekana imara kuliko wote, wakarudi kwenye unga dozi iliposhuka hadi miligramu 20. Mwongozo unasema kila mgonjwa aangaliwe kwa hali yake. Sawa, lakini kwa vitendo tunakisia pamoja naye, na tukikosea anayelipa ni yeye. Wala sina uhakika kama ni haki kumtaka mtu wa Mbagala apande daladala kila siku ya Mungu kwa ajili ya dozi moja.

Mzee, ukitaka kumsaidia mwanao, mpe nauli. Akikuambia arosto imerudi, mwamini, umlete kliniki siku hiyohiyo kabla hajafika maskani.