Ujangili wa kitoweo: sungura wa porini ni wa nani?

Ukisafiri usiku kutoka Moshi kwenda Arusha, ukishaipita Boma Ng'ombe na kukaribia njia panda ya KIA, mara nyingine taa za gari hunasa kitu chenye masikio marefu kikitimua mbio katikati ya lami. Hakikati kulia wala kushoto. Kinafuata mwanga tu. Abiria wa mbele hakosi la kusema: "Dereva, kitoweo hicho!" Watu wanacheka, safari inaendelea. Lakini kama dereva angekanyaga mafuta, akamgonga makusudi na kumtupa kwenye buti, utani ungeishia hapo. Kosa hilo lina jina: ujangili wa kitoweo.

Kitoweo ni chochote cha kushushia ugali au wali, hasa nyama na samaki. Jangili nalo ni neno ambalo wengi wetu tunamwekea sura moja: mtu mwenye bunduki kubwa na meno ya tembo kwenye kiroba. Watu wa wanyamapori hutofautisha. Yupo anayeua ili auze meno au pembe, na yupo anayeua swala, digidigi, kanga au sungura ili sufuria ya nyumbani isikose nyama, au auze vipande kwa majirani. Huyu wa pili ndiye wa kitoweo. Jina lina upole ndani yake, na nadhani upole huo huwaponza wengi. Wanadhani kosa nalo ni la kitoto.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haina upole huo. Mnyamapori popote alipo, ndani ya hifadhi au nyuma ya choo chako, ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kumwinda kunahitaji leseni. Mnyama aliyeuawa bila leseni ni nyara ya Serikali, na nyara si pembe na ngozi peke yake; nyama imo. Kwa maneno mengine, mchuzi wa sungura ulioachwa jikoni ni nyara, na mashauri ya kukutwa na nyara huangukia kwenye uhujumi uchumi. Wale wanaosema "sungura hana mwenyewe" wanakosea hapo. Anaye.

Sasa, sungura gani? Kiswahili kimetupa jina moja kwa wanyama wawili. Sungura wa kufugwa, yule wa kwenye vibanda vya mbao kule uchagani, asili yake ni Ulaya. Huyo huzaliwa hana manyoya na hajafumbua macho, kwa kuwa mababu zake walizalia mashimoni. Wa kwetu wa tambarare hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi, kwenye kibonde kidogo katikati ya nyasi, na mtoto wake huzaliwa na manyoya, macho yamefunguka, karibu tayari kukimbia. Mimba yake huchukua takriban siku 42. Ya yule wa kufugwa ni kama siku 31. Hawazaliani hata ukiwafungia banda moja. Kwa hiyo anayekamata sungura wa Kisongo akitaka "kuboresha mbegu" ya sungura wake anapoteza muda, achilia mbali hilo kosa.

Mtazamo kuhusu kumla hutegemea uko kwa nani. Wamaasai kwa desturi yao hawakuwa walaji wa nyama ya porini. Mtu alikula ng'ombe, mbuzi na kondoo, na waliowinda walionekana ni maskini wasio na mifugo. Mzee wa Monduli wa desturi hizo ukimwambia umeshinda porini ukifukuza sungura, atakuhurumia kwanza. Upareni, ambako Wasabato ni wengi, sungura ametajwa kwenye Mambo ya Walawi miongoni mwa wanyama najisi, kwa hiyo wa porini na wa bandani wote hawagusi jiko. Waislamu wa Shia nao hawamli, ilhali wa Suni wanamla. Halafu kuna Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao kwao uwindaji ndiyo maisha yenyewe, si njia ya kubadili mboga.

Anayebaki ni kijana wa tambarare, mwenye pikipiki, tochi kali na mbwa wawili. Kwake huo ni mchezo wa Jumamosi usiku. Karibu kila kifaa chake kimekatazwa hata kwa mwenye leseni: gari au pikipiki, taa, mbwa, mtego wa waya, na kuwinda usiku wenyewe. Makatazo hayo si ukali wa bure. Waya hauchagui. Unategewa sungura, unamnasa digidigi mwenye mimba, au ndama wa jirani, na ukisahauliwa unaendelea kunasa wiki nzima. Na sungura wenyewe ni chakula cha wengine: tai, mbweha, simbamangu. Wakiisha, mbweha atahamia kwa kuku wako.

Mkulima wa maharage ana malalamiko ya haki, nakubali. Sungura akiingia shambani asubuhi utakuta mistari imekatwa kama kwa mkasi. Lakini shamba huzungushiwa uzio wa miiba au wavu, na hasara hutolewa taarifa kijijini kwa afisa wanyamapori. Mwenye hamu ya nyamapori naye ana njia: tangu kanuni za mwaka 2020, bucha zenye kibali zinaweza kuiuza kihalali.

Kuna ujanja mmoja ninaousikia mara kwa mara, wa kusema, "Afande, huyu ni wa kufuga." Aliyechuna wote wawili hadanganyiki. Nyama ya sungura wa bandani ni nyeupe, inakaribia ya kuku. Ya yule wa porini ni nyekundu iliyokolea, na hata ikichemka haiwi nyeupe.