Tuta la mafuriko: maana yake ziwa linapopanda

Tuta la mafuriko ni boma la udongo ulioshindiliwa kandokando ya mto, ili maji yakijaa yasiwafikie watu. Mwanza neno tuta tunalijua zaidi kwa viazi na kwa barabara. Budalangi, upande wa Kenya, Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria, tuta ndilo linaloamua kama mtu atalala kwake au kambini.

Wengi huogopa maji kupita juu ya tuta. Mimi naogopa zaidi yale yanayopita chini.

Mto uliofurika kwa mvua za milimani kwa kawaida hushuka baada ya siku kadhaa, tuta likapata kukauka. Ziwa haliko hivyo. Maji yake mengi ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Naili, pale Jinja. Likijaa, hukaa limejaa. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na likabaki juu miaka mingi. Mei 2020 usawa wa ziwa kwenye kipimo cha Jinja ulisoma mita 13.42 (ni alama ya kipimo, si kina cha ziwa), ukapita kilele cha 1964. Mto ukikuta ziwa limepanda hivyo, maji yake hupoteza kasi na kurundikana kurudi nyuma, huku yakiangusha tope linaloinua kitako cha mto. Tuta hapo linalowa mwezi baada ya mwezi.

Udongo uliolowa muda mrefu hulainika. Maji hufuata mashimo ya panya na mizizi iliyooza, yakatokea upande wa nyumba kama kijichemchemi shambani. Tazama yanatoka na nini. Yakiwa maangavu, tuta linavuja lakini bado limeshika. Yakitoka na mchanga, udongo wa ndani unabebwa na handaki linachimbika chini yako: toa taarifa saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Na tafadhali, tundu hilo lisizibwe kwa jiwe, maana maji yatatafuta njia nyingine. Huzungushiwa viroba vya mchanga kama ukingo wa kisima, maji yapande humo ndani mpaka uzito wake uyapunguze nguvu yale yanayosukuma kutoka chini.

Kisha kuna mvua ya mjini kwenyewe. Mifereji hupitisha maji chini ya tuta kwenda mtoni, lakini mto ukiwa juu kuliko mfereji hayatoki, na yale ya mto, yasipozuiwa kwa lango, huingia mjini. Hata Mwanza, bila tuta, Mto Mirongo una shida ya jamaa moja: ziwa likipanda, mteremko wake wa mwisho hupungua, na maji ya mvua kubwa huchelewa kutoka mjini. Maji ya ardhini nayo hupanda. Choo cha shimo hujaa kutoka chini na kisima cha jirani huchafuka, kwa hiyo kipindupindu kinaweza kuingia mtaa ambao tuta lake halijabomoka popote.