Maana ya Ligi ya Taifa ya Kamogi

Ligi ya Taifa ya Kamogi ni mashindano ya kila mwaka ya timu za wanawake za kaunti za kisiwa cha Ayalandi, yanayochezwa takriban kuanzia Februari hadi Aprili. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamtoshi msomaji aliyezoea kulisikia neno "ligi" katika soka, kwa kuwa mengi anayoyatarajia hapa hayapo: timu zinazoshindana si klabu, wachezaji hawalipwi mshahara, anayeongoza msimamo bado hajawa bingwa, na taji lenyewe si kubwa kuliko yote.

Kwanza mchezo wenyewe. Kamogi ni mchezo wa magongo wa wanawake, ndugu wa "hurling" inayochezwa na wanaume, na jina lake limetokana na neno la Kiayalandi la gongo dogo. Anayeijua hoki asidhani ni hiyo hiyo, kwa sababu katika hoki mpira huenda zaidi chini kwenye nyasi, ilhali katika kamogi mpira mdogo wa ngozi hupigwa ukaruka hewani, hudakwa kwa mkono, na mchezaji hodari huweza kukimbia nao akiwa ameutuliza juu ya bapa la gongo bila kuudondosha. Akiushika mkononi haruhusiwi kupiga zaidi ya hatua nne. Kila upande una wachezaji 15. Hadi mwaka 1999 walikuwa 12.

Matokeo ndiyo yanayowachanganya wageni. Milingoti ya goli ina umbo la herufi H: mpira ukipita chini ya mtambaa wa panya ni goli, na mwamuzi wa golini hupunga kibendera cha kijani, ukipita juu yake ni pointi moja, na kibendera huwa cheupe. Goli moja lina thamani ya pointi 3, na matokeo huandikwa magoli kwanza, kisha pointi. Mwaka 2019, katika fainali ya Ubingwa wa Ayalandi Yote, shindano kubwa zaidi la kamogi, Galway walipata 3-14 na Kilkenny 0-17. Kilkenny waliupitisha mpira juu ya mtambaa mara nyingi zaidi, lakini yale magoli matatu yaliifikisha Galway kwenye pointi 23, ikashinda kwa tofauti ya 6. (Ndiyo maana katika makala haya "pointi" ni za uwanjani, na zile za msimamo nitaziita "alama".)

Muundo wa ligi ni mwepesi kueleza. Kaunti hugawanywa katika madaraja kulingana na uwezo, hucheza mechi chache za kukusanya alama, kisha zilizo juu hukutana katika fainali ya daraja lao, na hapo ndipo bingwa hupatikana. Kuna kupanda na kushuka daraja. Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni neno "taifa" katika jina hilo, kwa maana chama cha kamogi kilianzishwa mwaka 1904, kabla kisiwa hakijagawanywa, na hadi leo kinaendesha shughuli zake kana kwamba mpaka haupo. Antrim, Derry na Down, ambazo ziko Ayalandi ya Kaskazini chini ya Uingereza, zinashiriki ligi moja na Cork au Tipperary zilizo katika Jamhuri. Kwa hiyo taifa linalotajwa hapa ni kisiwa kizima, si dola.

Mchezaji kwa kawaida huichezea kaunti anayotoka, na hakuna soko la usajili ambalo kaunti tajiri ingeweza kununua nyota wa jirani. Wiki nzima yuko kazini au chuoni, jioni anafanya mazoezi, mwisho wa juma anaingia uwanjani. Februari ndiyo huwa ngumu zaidi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, kwa sababu Kombe la Ashbourne, shindano la kamogi la vyuo vikuu lililoanza mwaka 1915, huamuliwa kipindi hicho hicho ambacho ligi inaanza, na miguu ni ile ile miwili.

Linabaki suala la hadhi. Ubingwa wa Ayalandi Yote, ambao mshindi wake hukabidhiwa Kombe la O'Duffy katika uwanja wa Croke Park, Dublin, ulianza mwaka 1932. Ligi ilikuja mwaka 1976, miaka 44 baadaye, na Tipperary ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza. Ubingwa huchezwa kiangazi, viwanja vikiwa vikavu na vikosi vikiwa vimekamilika, wakati ligi huchezwa kwenye matope na upepo, na makocha wengi huitumia kuwapima chipukizi. Wako wanaoiita mazoezi yenye kombe, kauli ambayo naiona imezidi kidogo, kwani timu inayokabiliwa na kushuka daraja haichezi kama iliyo mazoezini, na Wexford waliotwaa ligi mara tatu mfululizo, 2009 hadi 2011, hawakuwa wakifanya mzaha.

Hata hivyo kombe la ligi halimhakikishii mtu lolote. Kilkenny walilitwaa mwaka 2016, na mwaka huo huo wakauchukua pia Ubingwa walioukosa tangu 1994. Mwaka 2017 wakatwaa ligi tena, lakini katika fainali ya Ubingwa Cork wakawafunga 0-10 kwa 0-9. Mwaka 2018 ligi ikawa yao kwa mara ya tatu mfululizo, na kwenye fainali ya Ubingwa wakafungwa tena na Cork wale wale: 0-14 kwa 0-13.