Viza ya D7 ya Ureno haidai ununue nyumba

Kwa miaka mingi watu wameambiana kwamba hupati D7 ya Ureno, viza ya kwenda kuishi huko, bila kununua nyumba kule. Si kweli, na inaniuma kuona wastaafu wakikata tamaa kwa hilo. Wanaichanganya na viza ya dhahabu ya wawekezaji, ambayo nayo njia yake ya nyumba ilifungwa 2023.

D7 hutazama kipato kinachoingia bila ajira: pensheni, gawio, au kodi ya wapangaji inayoonekana kwenye taarifa ya benki mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 870 kwa mwezi, sawa na kima cha chini cha mshahara wa Ureno. Ukienda na mwenzi, kiwango hicho huongezeka kwa nusu yake, na kwa kila mtoto asilimia 30. Makazi lazima uonyeshe, lakini mkataba wa kupanga unakubalika.