Mikrobe zikishalala kwenye chuma cha mguu

Juzi mama mmoja hapa Goma ameniuliza, munganga, mtoto wangu amemeza antibiotike miezi miwili na usaha bado unatoka, mbona? Kijana ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, mfupa wa muundi ulivunjika ukatoka nje ya ngozi, wakamuwekea plaki, kile chuma bapa cha kuunga mfupa, kwenye hospitali ingine. Nikamwambia, mama, ingiza kidole kwenye bidoni ya maji ya ziwa, unasikia ule utelezi? Ukimwaga ukatia maji mengine utelezi unabaki palepale mpaka utie vijiwe utikise. Mikrobe za kwenye chuma njo vile zinaishi, zinajishikiza, zinajifunika na ute wao, alafu chuma chenyewe hakina damu, sasa dawa ya kumeza itazifikia na nini?

Njo maana siku hizi kuko vyuma vinavyopakwa dawa kabla ya kuingizwa. Mwaka 1987 Anthony Gristina, munganga wa mifupa wa Amerika, alieleza kwamba seli za mwili na mikrobe zinashindana mbio kuushika uso wa chuma, atakayetangulia njo atajenga. Mpako unatupa sisi hatua za mbele. Ulaya walitengeneza msumari wa titani wa kupitisha ndani ya muundi, umepakwa plastiki inayoyeyuka mwilini yenye jentamisini, aina ya antibiotike, na dawa nyingi inatoka ndani ya siku 2 za kwanza, saa zile mikrobe bado hazijajenga. Wengine wanapaka fedha, ile ya mkufu kabisa, sana sana kwenye viungo vikubwa vya bandia vya wagonjwa wa kansa ya mfupa. Wajapani wanatumia iyodini, ile dawa ya kuua mikrobe kwenye kidonda. Ila fedha ikizidi inadhuru na seli za mfupa, na jentamisini kuko mikrobe zimeshaizoea.

Mimi ninatamani sana hivi vyuma vifike kwetu, lakini mpako hauoshi kidonda. Hapa mtu anaanguka kwenye mawe ya volkano, nimeshatoa changarawe nyeusi ndani ya mfupa kwa koleo, moja moja, na ile kazi ya kuosha kwa lita na lita za maji ya chumvi, kukata nyama iliyokufa, na sindano ya antibiotike mapema kabisa, hakuna mpako wa chuma utakaoifanya.

Yule motari tulimfungua, skrubu zilikuwa zimelegea na chini ya plaki kuko ute wa njano unaokwanguka na ncha ya kisu. Tumeitoa yote, mguu umeshikwa na vyuma vya nje ya ngozi, na chuma kingine cha ndani hatumuwekei kwanza mpaka kidonda kikauke.