Ukoloni ni nini, na ulifuata nini Lamu na Malindi?

Ukoloni ni dola kuitawala nchi ya watu wengine, ikashika ardhi yao, biashara yao na sheria zao kwa faida yake. Hayo tuliyasoma shuleni. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini watu watoke Lisbon, Berlin na London waje kung'ang'ania pwani yetu, na jibu si moja, kwa sababu hawakuja na haja moja.

Wareno walitaka njia. Viungo vya India vilifika Ulaya kwa kupitia mikono mingi, na kila mkono ulikata chake. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako mambo yalimwendea vibaya. Mfalme wa Malindi, hasimu wa Mombasa, alimkaribisha na kumpatia rubani wa kumvusha hadi Calicut. Wapo wanaomlaumu mfalme yule. Mimi naona alikuwa akitafuta mshirika dhidi ya jirani yake, kama mtawala yeyote wa pwani wakati ule. Urafiki wenyewe haukumfaa sana mji wake. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, makao yao yalihamia Mombasa, Malindi ikafifia. Nao Wareno walikuwa wachache mno kwa pwani ndefu hivi: mwaka 1698 Waomani waliitwaa ngome hiyo.

Wajerumani walikuja na mikataba. Mwaka 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipatana na Sultani Ahmed wa Witu, usultani mdogo wa bara karibu na Lamu, aliyetaka kinga dhidi ya Zanzibar, na Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Mwaka 1888 ikafunguliwa posta ya Kijerumani mjini Lamu. Jengo lake bado lipo, limefanywa makumbusho. Kisha, Julai 1890, Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu, ikakubali Uingereza iwe mlinzi wa Zanzibar, na katika mapatano hayohayo ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu hawakuulizwa. Baadaye mwaka huohuo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na Oktoba Waingereza wakaja wakauchoma mji. Kwa hiyo nchi iliweza kutwaliwa hata kabla haijatoa gunia moja la mazao: dola zilikuwa zikishindana, na ardhi ya watu ilikuwa kitu cha kubadilishana mezani.

Waingereza walitaka ardhi pamoja na mikono ya kuilima, na hapa ndipo athari ilipoingia ndani ya nyumba za watu. Wagiriama wa upande wa Malindi walilima mahindi kaskazini ya Mto Sabaki na kuyauza. Mtu mwenye ghala lake haendi kufanya kibarua kwa mwingine, na mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua. Serikali ikatoza kodi, ikadai vijana, ikawataka watu wahame ng'ambo ya kusini ya mto. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akawakusanya watu ili wale kiapo cha kukataa. Alikamatwa, akapelekwa mbali kabisa, Kisii. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, mahali patakatifu pa Wagiriama, na vita vikazuka.

Lakini bunduki hazikuacha alama kama ile ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Kila mwenye kudai shamba pwani alitakiwa kwenda kusajili dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Waliojua maandishi na ofisi walipata hati. Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, waliomiliki ardhi kwa ukoo, wengi wao hawakupata kitu. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, hati zile ziliendelea kutambuliwa, na ardhi ya Taji ikawa ya serikali. Ndiyo maana hadi leo zipo familia Malindi zinazoitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati, kwenye ardhi ambayo babu zao waliilima na wakazikwa humo.